Mkanda wa Kiwanda Chetu

9 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Juzi nilianza kusema ukanikatiza, ukaanza kusema nikakukatiza, mwisho salio likaisha na kila mtu akabaki na hasira zake. Karatasi haikatizwi. Kaa usome mpaka mwisho, kisha useme yako.

Tangu waondoe ruzuku ya mafuta, dizeli huku imepanda mpaka mwenye kituo anaona haya kubadilisha kibao cha bei, anatuma mtu. Mimi na shemeji yako Fundi tulikuna vichwa. Tukipandisha bei ya kusaga, watu hawaji. Tusipopandisha, mashine inatusaga sisi. Tukapandisha. Mteja wa kwanza alikuwa yule mama mfinyanzi wa bondeni. Alishusha ndoo yake ya mahindi, akasikia bei, akaitazama ndoo, akasema, "Nisagie nusu." Nikamuuliza, na nusu hii nyingine? "Hiyo nitaitwanga. Mikono bado haijapandishwa bei." Tukacheka wote wawili. Alipogeuka kuondoka nikaona jinsi anavyoshika kiuno, kicheko kikaniishia. Mwanamke yule angekuwa rika la mama.

Shule nayo imeacha kuleta mahindi ya chakula cha wanafunzi. Mwalimu mkuu anasema watoto watakuwa wanakwenda kula nyumbani. Nyumbani kuna nini, hakusema.

Juu ya hayo, Waziri wenu wa biashara kapiga marufuku vipuri kutoka nje. Mkanda wa mashine yetu, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu, umechakaa. Fundi ameushona na kuushona tena kama soksi. Muuza vipuri amefunga duka, anauza kadi za simu. Halafu naambiwa redioni tukaze mikanda. Waambie wakubwa zako, wangu nikiukaza zaidi utakatika.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwisho wa hotuba ile Waziri akasema, "Kama wazee wetu walivyonena, chungu kikipungua maji, punguza moto." Nilikuwa napepeta, ungo ukaniponyoka. Wazee gani hao? Maneno yale hayasemwi na mtu yeyote duniani isipokuwa mama yetu. Aliyasema baba alipoachishwa kazi, sisi tukawa tunamsumbua kwa madai ya viatu. Alitaka kutuambia mtu akiwa katika dhiki usimzidishie. Waziri wako kayageuza: ati maji ni hazina ya serikali, na moto ni sisi.

Uliniambia wizarani unashughulikia mawasiliano. Mimi, mjinga wa Mungu, nikadhani ni simu. Niambie, ni wewe uliyemlisha yule mtu maneno ya mama?

Dada yako,
Mama Unga

---

20 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Ndiyo, ni mimi. Hotuba za Waziri naziandika mimi. Nilikuficha kwa sababu nilijua siku moja utasikia jambo usilolipenda, na sikutaka kila likisemwa unitafute mimi. Naona sikufika mbali.

Kuhusu maneno ya mama, niliyaandika kwa mapenzi. Nilitaka yasikike nchi nzima. Sikuona kwamba nimeyageuza mpaka uliponionyesha. Hapo sina la kujitetea.

Lakini mengine nitajitetea, na wewe usinikatize. Ruzuku ile, dada, haikuwa yako. Ulipata matone. Pipa lilikuwa la wengine. Nimesimama mpakani mwenyewe nikaona malori ya mafuta yetu ya bei nafuu yakivuka kwenda kuuzwa kwa jirani kwa bei ya juu, na maaskari wakiyapungia mkono. Nimeona nyumba za watu wenye magari mpaka ya kumpeleka mbwa kwa daktari, na yote yananyweshwa ruzuku. Fedha zile ndizo zingejenga zahanati. Aliyezoea kunyonya halii akiachishwa? Lakini ataota meno.

Na marufuku ya vipuri ni hivyo hivyo. Tutanunua mikanda ya watu mpaka lini? Kuna kiwanda kimefunguliwa hapa mjini, kinatengeneza mipira na mikanda, kimeajiri vijana waliokuwa wanashinda vibarazani. Niliandika hotuba ya ufunguzi wake na nilipoisikia ikisomwa nilijiona mtu. Sikudanganyi.

Nimekutumia mkanda wao kwa basi. Umeandikwa "Umetengenezwa Nyumbani" kwa rangi za bendera. Mwambie shemeji autupe ule wa kushona. Tupeni muda kidogo tu, mtaona.

Mdogo wako,
Chiriku

---

17 Aprili

Mdogo wangu,

Mkanda ulifika salama. Asante. Fundi aliufunga siku ile ile na kukusifu mchana kutwa, kwamba shemeji yake hasahau watu.

Nilikuwa nimejipanga kukujibu hoja kwa hoja, ila nina uchovu. Hilo la malori ya mpakani sikatai, hata huku tunayasikia. Ninachouliza ni kwa nini mkitaka kumkamata mwizi mnaanza kwa kumpiga aliyeibiwa. Jibu siku ukipata nafasi.

Mashine tumeisimamisha kidogo. Usipige simu kwa sasa, spika yake inakwaruza, sisikii vizuri. Na ukitaka kumwandikia Fundi, andika kwangu nitamsomea. Siku hizi macho yanamsumbua.

Anakusalimu.

Dada yako

---

5 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako fupi imenipa wasiwasi, lakini nadhani ni shughuli za msimu. Mpe pole shemeji. Mwambie apime macho, umri haubishani na mtu.

Nina habari itakayokuondolea uchovu wote. Juzi Waziri alikuwa anajibu maswali bungeni kuhusu marufuku. Wapinzani walimbana kweli kweli. Nami nilikuwa nimemwandikia pembeni habari zako. Akasimama akasema, "Yupo mama msagaji katika mji mdogo, anatumia mkanda uliotengenezwa na mikono ya vijana wetu, na mashine yake inaimba." Bunge likapiga meza. Inaimba, dada. Neno hilo ni langu.

Sasa anataka kuja. Mwezi ujao msafara utafika kwako, yeye, mwenye kiwanda na watu wa televisheni. Wakuone ukisaga, uzungumze kidogo, basi. Paka mlango rangi, kama rangi haipatikani nitatuma. Fikiria mji mzima utakavyokuona. Fikiria mama angejisikiaje.

Mdogo wako mwenye furaha,
Chiriku

---

13 Mei

Chiriku,

Mama muache alipolala.

Mashine yangu haiimbi. Mkanda wenu ulikatika siku ya pili. Fundi alikuwa amesimama pale anaposimama kila siku, kati ya injini na mdomo wa kinu, anamimina mahindi ya mama mfinyanzi. Hakukuwa na dalili. Ulikatika ukamchapa usoni kama mjeledi. Alishika uso kwa mikono miwili akauliza, "Nani kazima taa?" Ilikuwa mchana, jua la utosi.

Zahanati ina gari. Gari halina mafuta. Dereva alinionyesha tangi kwa tochi ili nisidhani ananidanganya, maskini. Tukampakia Fundi kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, na mwenye pikipiki akataja nauli kama ya kwenda ng'ambo. Sikumlaumu. Naye ananunua mafuta yale yale.

Hospitali kubwa walimsafisha, wakasema jicho la kushoto halipo tena. Walisema hivyo hivyo, kama mtu anayekuambia sukari imekwisha.

Sikukuambia kwa sababu Fundi alinikataza. Alisema, "Mtoto alituma kwa moyo safi, usimvunje." Kwa hiyo nikakuandikia kwamba macho yanamsumbua, na huo haukuwa uongo. Nikakuandikia kuhusu spika ya simu, na huo ulikuwa uongo, kwa sababu ungesikia sauti yangu ungejua. Nikasema ukubwa ni jalala, acha nimeze. Ningemeza mpaka leo. Lakini wewe umekwenda kulitangaza jicho la mume wangu bungeni, wakalipigia meza.

Unaniambia nipake mlango rangi. Mnataka kunivisha kilemba cha ukoka mbele ya kamera. Miezi yote hii mnatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hayo mafuta yenyewe hayashikiki kwa bei.

Ule mkanda ninao. Niliupinda pale ulipokatika. Ndani yake hauna uzi, Chiriku. Ni mpira mkavu, una nyufa kama kisigino. Mkanda mpya hauwi hivyo. Nenda kiwandani kwenu ukaangalie wanatengeneza nini. Usiende na hotuba. Nenda na macho yako, wewe unayo mawili.

Dada yako

---

27 Mei

Dada,

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na nilichokiona.

Nilikwenda kiwandani nikasema nataka maelezo ya hotuba ya ziara. Mlinzi ananifahamu, akanifungulia. Mitambo ile niliyoisifu siku ya ufunguzi ipo, imefunikwa turubai na bado ina kamba ilizofungwa wakati wa kuja na meli. Haijawahi kuwashwa. Chumba cha nyuma kina meza ndefu. Wale vijana wamekaa wamefunga vitambaa puani, wanafuta kwa spiriti maandishi ya kigeni kwenye mikanda, halafu wanagonga muhuri wenye rangi za bendera. Mmoja alinipa kiti. Nilimuuliza mikanda inatoka wapi. Akasema, "Nje, mzee. Ni ile waliyoikataa wenyewe huko. Imekaa ghalani mpaka imezeeka." Alisema bila kuficha. Alidhani najua.

Na nilipaswa kujua. Tangazo la marufuku nililiandika mimi. Lina mstari unaosema, "isipokuwa malighafi za viwanda vya ndani." Niliagizwa niuongeze, nikauongeza, nikakwenda kunywa chai. Mikanda hiyo inaingia nchini kwa jina la malighafi. Mwenye kiwanda ni mtu pekee anayeruhusiwa kuagiza kitu ambacho wewe ukiagiza unafungwa. Malori ya mpakani niliyaona, dada. Hili lilipita chini ya kalamu yangu nisilione.

Nilikwenda kwa Katibu, mkubwa wangu. Nikamweleza yote, na habari za shemeji. Alinisikiliza kwa upole, akafunga mlango, akasema, "Kijana, kuna ukweli wa kusema na ukweli wa kukalia. Huu ukalie." Nikamwambia mtu amepoteza jicho. Akajibu, "Ndiyo maana nakushauri ziara iende vizuri. Dada yako ana leseni ya kusaga, sivyo?"

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nakuomba jambo moja. Siku ya ziara funga mashine, sema unaumwa, nenda kwa shangazi. Wakikuta mlango umefungwa watapita. Nawajua watu hawa. Mnaweza kupoteza na hicho kidogo kilichobaki.

Mwambie shemeji kwamba siwezi kumwomba msamaha kwa karatasi.

Mdogo wako

---

3 Juni

Chiriku,

Niende kwa shangazi mimi? Nimeiba?

Nimefungua mlango huu kila asubuhi tangu wewe ukiwa unavaa kaptula ya shule, na ada yako ilitoka kwenye vumbi hili. Siufungi kwa ajili ya mtu anayekuja kunichekea. Na rangi sipaki.

Fundi ameisikia barua yako yote. Akauliza, "Sasa mkanda wa kufanyia kazi tutapata wapi?" Ndiyo akili yake, unamjua. Nimechanganyikiwa kwa hasira mpaka nasahau kwamba hata hilo ni swali.

Waje.

Dada yako

---

22 Juni

Mdogo wangu,

Ulikuwepo, lakini ulikuwa umetupa mgongo, na walivyokutoa hatukupata nafasi hata ya kusalimiana. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea nyuma yako.

Walipoingia nilikuona mwisho wa msafara, umekonda, umebeba mkoba wa mwenzako. Hukunitazama. Nikasema moyoni, basi, wameshamnunua. Nisamehe kwa hilo.

Yule mwenye kiwanda alipoanza kusema habari za vijana wetu na kunikabidhi mkanda mpya uliofungwa utepe kama zawadi ya harusi, watu wote waliutazama mkanda. Mimi nilimtazama Fundi. Alikuwa na kitambaa chake usoni, na hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza kapatwa na nini. Waliomba asogee kidogo pembeni, asiingie kwenye picha.

Hapo ndipo wazo liliponijia, sikuwa nalo kabla. Nikamwambia Fundi, "Ufunge." Akaelewa. Uliona jinsi alivyoufunga, pole pole, akipapasa puli, lile gurudumu la mkanda, kwa vidole kwa sababu jicho moja halimpi umbali sawasawa. Chumba kizima kilimsubiri. Nadhani ule ndio muda mrefu kuliko wote ambao Waziri yule amewahi kumsubiri fundi.

Halafu nikasema, "Mheshimiwa, karibu usimame hapa. Hapa ndipo msagaji anaposimama. Wewe mimina mahindi, mimi niwashe." Akacheka, akasema, "Mama, utanipaka unga." Nikamwambia unga unafuliwa. Nikamgeukia mwenye kiwanda. "Basi wewe, baba. Mkanda ni wako." Akasema suti yake. Nikasema vua koti. Nikamweleza mbele ya kamera kwamba mume wangu alisimama pale pale, na mkanda kama huo, wa kiwanda hicho hicho, ndio uliomtoa jicho. Nikaeleza na turubai. Nikaeleza na spiriti. Kisha nikashika mpini wa kuwashia nikasubiri.

Hakuna aliyesogea. Maneno mangapi yamesemwa nchi hii juu ya mkanda ule, redioni, bungeni, magazetini, na kati ya wote hakuna aliyekubali kusimama mbele yake hata kwa pumzi moja.

Ndipo ulipotoka wewe. Ukampa mwenzako mkoba wake, ukaja ukasimama pale. Hukusema kitu, wewe Chiriku. Ukachukua debe la mahindi ukaelekea kinu.

Nyuma yako Waziri alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenye kiwanda alikuwa tayari yuko nje ya mlango. Katibu wako, nadhani ndiye yule mwenye miwani, alimwashiria mpiga picha ashushe kamera. Mpiga picha alijifanya haoni. Mama mfinyanzi, kati ya majirani waliojaa, akasema kwa sauti, "Wanaume wazima mmeshindwa kumjibu msichana?" na mimi nimeshakuwa bibi. Watu wakaanza kucheka, na kile kicheko, mdogo wangu, hakikuwa cha furaha. Kilikuwa kinawasukuma mlangoni kama ufagio.

Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini. Nataka ujue kwamba nilikuwa na hasira nawe za kutosha kuuzungusha. Nikaona kisogo chako, kile kikovu ulichokipata ukianguka mtini, nilichokifunga kwa upande wa kanga yangu. Vidole vikafunguka vyenyewe.

Baadaye maofisa wa wilaya walikuja kuchukua leseni. Walikuja wawili, na yule mmoja akaomba radhi. Wanawake wanaleta mahindi hivyo hivyo, wanayaweka mlangoni na kukaa. Hatusagi, hatuna mkanda wa kuaminika. Tunakaa tu. Mkuu wa wilaya amepita mara kadhaa na gari lake, anapunguza mwendo, anaondoka.

Wewe wamekufanya nini?

Dada yako

---

10 Julai

Dada yangu,

Shikamoo.

Wamenifukuza kazi. Barua ya kuniachisha iliandikwa vibaya, ina makosa ya sarufi. Kwa kawaida ningeisahihisha mimi.

Picha zilirushwa. Sijui yule mpiga picha alipitia wapi, lakini zilirushwa, na sasa mjadala wote mjini ni huo. Wasagaji wa miji mingine wamejitokeza na mikanda yao iliyokatika. Mmoja amepoteza vidole. Kiwanda kimefungwa "kwa uchunguzi." Wale vijana wa spiriti wamerudi vibarazani, na hilo linaniuma, hawakuwa na kosa. Marufuku ya vipuri imesitishwa, kwa maneno yao, kwa muda. Waziri amehamishiwa wizara nyingine. Ndiyo adhabu yake, gari jipya na mlango mpya.

Dizeli haijashuka. Ulisema mkitaka kumkamata mwizi mnaanza kwa kumpiga aliyeibiwa, na uliniambia nijibu nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo tele. Bado naamini ruzuku ile ilikuwa inaliwa na wakubwa. Lakini tulikuwa na orodha ya majina ya wenye malori, niliiona kwa macho yangu, na hakuna hata mmoja aliyeguswa. Tulianza na ninyi kwa sababu ninyi hamna simu ya Waziri. Hilo ndilo jibu. Sina lingine zuri zaidi.

Nimeitwa redioni kuzungumza, nitakwenda. Nitasema nilichokiandika na aliyeniagiza. Wananiambia nitajuta. Huenda.

Nilipokuwa nimesimama pale nikisubiri uwashe, sikuogopa mkanda. Niliogopa kwamba nilistahili.

Nataka kuja nyumbani, ila sijui nitamtazama vipi shemeji.

Mdogo wako

---

18 Julai

Mdogo wangu,

Tumekusikia redioni. Fundi alisogeza kiti karibu, mimi nilibaki mlangoni najifanya nafagia. Ulisema vizuri. Ulipotaja jina la Katibu, muuza vipuri wa jirani alipiga makofi peke yake dukani kwake. Amerudisha mikanda, na wetu tumepata. Leseni tumeiomba upya. Wakichelewa tutasaga bila hiyo, na wanajua.

Ukija utamkuta Fundi anajifunza. Akimimina chai inakwenda pembeni ya kikombe, anaitazama, anasema, "Kimehama." Usimsaidie, hapendi. Anasema umtazame tu usoni kama ulivyokuwa ukimtazama, kwa kuwa yeye bado ni yule yule, amepungua kidogo upande mmoja.

Ameniambia nikuandikie kwamba amekusamehe, na kwamba amekusamehe siku nyingi.

Mimi bado. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako